Fungueni Vituo vya Afya Kabla ya Kuwalaumu Wagonjwa

Anayekesha usiku mmoja katika idara ya dharura ya hospitali kubwa hapa Lubumbashi huona mambo mawili kwa pamoja. Huona dereva wa pikipiki, manseba kama tunavyowaita, akiletwa mbio baada ya kugongwa, na wauguzi wakihangaika kumtafutia kitanda. Huona pia watu wazima waliokuja kwa miguu yao: mmoja ana kikohozi cha wiki mbili, mwingine anaumwa mgongo tangu mwezi uliopita, wa tatu kichwa kinamgonga na anataka kupimwa tansion, yaani shinikizo la damu. Wahudumu wanalalamika kwamba hawa wa pili wanachelewesha kazi ya kuwaokoa wale wa kwanza. Malalamiko hayo yana haki. Lakini yanafuatwa na kauli nyingine, kwamba raia wa mji huu ni wakaidi, hawana elimu ya afya na hawataki kufuata utaratibu. Kauli hiyo gazeti hili linaikataa.

Msimamo wetu ni huu: mtu mzima wa Lubumbashi anakwenda dharura na ugonjwa usio wa dharura kwa sababu hapo ndipo penye mlango ulio wazi saa anayoweza kwenda, na ndani yake kuna daktari anayemwamini. Milango mingine imefungwa, na waliopewa jukumu la kuifungua wana vyeo, mishahara na ofisi. Hao ndio wa kwanza kujibu.

Utaratibu wenyewe si mbaya. Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978, nchi yetu ilikuwa miongoni mwa zile zilizojenga mfumo wa afya kuanzia chini. Nchi nzima iligawanywa katika zoni za afya, na kila zoni ikapewa vituo vya afya karibu na watu, pamoja na hospitali kuu ya rufaa ya kupokea walioshindikana kule chini. Katuba, Kenya, Kampemba, Ruashi, Kisanga, Mumbunda na Tshamilemba zote ni zoni za afya za mji huu. Juu ya zoni hizo iko Hospitali ya Rufaa ya Jimbo Jason Sendwe, na ziko Kliniki za Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Mgonjwa alitakiwa aanzie kwenye kituo cha mtaani kwake, apewe karatasi ya rufaa ikibidi, ndipo apande juu. Jason Sendwe mwenyewe, kabla ya siasa na kabla ya kuuawa Albertville mwaka 1964, alikuwa msaidizi wa tiba, mtu wa ngazi ile ile ya chini ambayo leo tumeiacha ianguke.

Ngazi hiyo, hata pale inaposimama, haikutengenezwa kwa ajili ya mtu mzima. Ingia katika kituo cha afya uangalie ratiba iliyobandikwa ukutani. Utakuta siku ya wajawazito, siku ya kupima uzito wa watoto, siku ya chanjo. Hayo yote ni mema, na yameokoa maisha mengi. Misaada ya nje nayo imefuata njia hizo hizo: chanjo, vyandarua, malaria ya watoto, kifua kikuu, ukimwi. Sasa tafuta siku ya fundi wa miaka 48 mwenye tansion. Tafuta siku ya mama wa miaka 60 mwenye sukari, ambaye watoto wake ni wakubwa na hana tena sababu ya kupanga foleni ya kliniki ya wazazi. Hawana siku, na mara nyingi hawana hata kidonge, kwa sababu dawa za magonjwa hayo mgonjwa anajinunulia mwenyewe mwezi kwa mwezi.

Matokeo yake kila daktari wa zamu anayafahamu. Mtu aliambiwa miaka mitatu iliyopita kwamba ana tansion. Alinunua dawa mwezi wa kwanza na wa pili, wa tatu karo za watoto zikaimaliza pesa. Hakuna aliyemfuatilia wala kumpa tarehe ya kurudi. Siku kichwa kinapomgonga usiku, anakwenda dharura. Pale anapimwa, anapewa kidonge cha kushusha tansion, anaambiwa arudi nyumbani. Kwenye daftari anaandikwa kuwa hakuwa wa dharura, na ni kweli, kwa usiku ule hakuwa. Lakini ugonjwa wake ungeweza kushikwa kwa kidonge cha kila siku na kipimo cha mara moja kwa mwezi hapo mtaani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe ni kiharusi, ni figo zilizokufa, ni familia inayouza kiwanja ili kulipa hospitali. Huyu atarudi dharura siku moja, na siku hiyo hakuna atakayebisha kwamba ni dharura.

Kuna pia suala la uaminifu, na hapa tuseme wazi. Katika mitaa yetu yamejaa majengo yenye msalaba mwekundu na vibao vya kliniki. Mengine yana watu wa kazi wanaoheshimika, mengine hayana daktari, hayana maabara ya maana, wala kibali kinachoeleweka. Mtu mzima anaingia akiwa amechoka, mwili unauma, na anatoka na maneno mawili ambayo kila nyumba ya Lubumbashi inayafahamu: malaria na tifoide. Tifoide hiyo mara nyingi imesomwa kwa kipimo cha Widal, kilichobuniwa mwaka 1896, na ambacho katika nchi zenye tifoide ya kudumu kama yetu kinadanganya mara nyingi kikifanywa mara moja tu bila kuotesha damu maabara. Anachomwa sindano, anawekewa serumu, yaani dripu, analipa. Wiki mbili baadaye uchovu uko pale pale. Anarudi, anaambiwa tifoide imepanda. Mara ya tatu hatarudi tena. Atakwenda moja kwa moja hospitali kubwa, na kwa kuwa hana rufaa na mchana yuko kazini, ataingia kwa mlango wa dharura. Anayemwita mkaidi ajibu kwanza ni nani aliyekiruhusu chumba kile kuendelea kuuza tifoide.

Uongozi wa afya wa jimbo una wakaguzi. Zoni za afya zina madaktari wakuu. Kufunga chumba kisicho na kibali hakuhitaji msaada wa nje wala dola za mradi. Kunahitaji ujasiri wa kukataa bahasha.

Saa nazo zina kesi yao. Wengi katika mji huu wanaishi kwa pesa ya siku hiyo: wachuuzi wa soko la Kenya, wapakiaji, mafundi ujenzi, vibarua wa kampuni zilizopewa kazi na migodi, madereva. Asubuhi moja kituoni ni siku moja bila chakula. Mtu kama huyo anaahirisha mpaka jioni, na jioni vituo vingi vimefunga, au vimebaki na muuguzi mmoja gizani kwa sababu umeme wa shirika la SNEL umekatika na jenereta haina mafuta. Kisha kuna hofu ya usiku. Wakazi wa Katuba, Ruashi, Kampemba na komini ya Annexe wanajua maana ya kutembea barabarani saa sita za usiku, na wanajua majambazi wenye silaha wamefanya nini katika mitaa hiyo. Mwenye homa saa mbili za jioni anapiga hesabu rahisi: akisubiri na hali ikabadilika usiku wa manane, nani atamtoa nyumbani? Anapanda pikipiki mapema, kungali na watu njiani. Hesabu hiyo ni ya mtu mwenye akili timamu.

Pesa ndiyo inayoamua mengi ya haya. Nchi hii inaendesha hospitali zake kwa kiasi kikubwa kutoka mfukoni mwa mgonjwa. Wahudumu wengi hawapati mshahara wa serikali, au wanapata kidogo sana, wakaishi kwa marupurupu yanayotokana na malipo ya wagonjwa. Ndiyo maana mgonjwa wa kawaida hulipia fishi, yaani kadi ya mgonjwa, hulipia kuonwa na daktari, hulipia maabara, hulipia glavu na bomba la sindano, kisha hutumwa kutafuta dawa nje. Hakuna anayemwambia mapema jumla itakuwa ngapi. Kwa hiyo anaanzia duka la dawa. Anaeleza maumivu yake kwa muuzaji, anapewa vidonge vinne vya antibiotiki kwa sababu pesa inatosha vinne, anameza siku mbili na kuacha. Akifika hospitali, ugonjwa uliokuwa mwepesi umekuwa mgumu kutambulika.

Wengine wanaogopa hata kuingia, na hofu yao ina msingi. Utafiti uliofanyika mwaka 2016 katika hospitali moja kubwa ya jimbo hapa Lubumbashi, ukachapishwa 2019, ulionyesha kwamba karibu nusu ya wanawake waliojifungua na kustahili kuruhusiwa walizuiwa hospitalini kwa sababu ya bili. Mji ulioona mama akizuiliwa na kichanga chake kwa deni umejifunza somo baya: hospitali haiendewi mpaka hali iwe ya kutisha. Hivyo idara moja ya dharura inapokea watu wa aina mbili, waliokuja na jambo dogo kwa kukosa pengine pa kwenda, na waliochelewa mpaka jambo dogo likawa kubwa kwa kuogopa bili. Wote wawili wanatoka kwenye mlango mmoja uliofungwa.

Wazee wa mji huu wanakumbuka kwamba haikuwa hivi siku zote. Kampuni ya migodi ya Union Minière, na baada ya 1967 kampuni ya taifa iliyokuja kuitwa Gécamines, ilikuwa na zahanati na hospitali kwa wafanyakazi, wake zao na watoto wao. Hatuipambi historia hiyo. Enzi ya Union Minière ilimtibu mtu mweusi ili arudi haraka kuchimba. Hata hivyo mfanyakazi alijua aanzie wapi akiumwa, na kichwa kikimgonga hakukimbilia dharura. Gécamines ilizalisha zaidi ya tani 470,000 za shaba mwaka 1986; mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa imeshuka chini ya tani 20,000. Kuanzia mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari, na familia zao zikabaki bila zahanati ya kampuni. Hakuna aliyejenga kitu cha kujaza pengo lile.

Leo shaba na kobalti zinatoka tena kwa wingi kuliko wakati wowote wa Gécamines, malori yanapanga foleni kwenda Kasumbalesa, na Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 bado inamtaka mwajiri amtibu mfanyakazi wake na familia yake. Kampuni kubwa nyingi zina mikataba na kliniki. Wanaotoroka wajibu huo ni wengi wa wakandarasi waliopewa kazi na kampuni hizo, wanaoajiri watu kwa miezi mitatu mitatu na kuwaacha bila karatasi ya matibabu. Mgodi unaopata faida kwa jasho la kibarua kisha ukaiachia hospitali ya serikali mgongo wake uliovunjika, unaiba mara mbili.

Katika haya yote, hakuna anayeweza kumtaka raia ajitambue mwenyewe kama ana dharura au hana. Maumivu ya kifua yanaweza kuwa tumbo lililojaa gesi, yanaweza kuwa moyo. Homa inaweza kupoa kwa vidonge, inaweza kuwa malaria inayopanda kichwani usiku huo huo. Kuhara ni jambo la kawaida, mpaka siku ya kipindupindu, na jimbo hili linakijua kipindupindu. Ugonjwa huitwa mwepesi baada ya kuchunguzwa. Kabla ya hapo ni maumivu na hofu tu. Ndiyo maana kuwafukuza watu getini ni hatari na ni kinyume cha utu. Na Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 47, imemhakikishia kila raia haki ya afya.

Dawa ya msongamano inajulikana, nayo ni kupanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao dakika wanapofika. Afrika Kusini ilitengeneza utaratibu wake kuanzia 2004, na sasa unatumika katika nchi nyingi zenye hospitali maskini kama zetu. Muuguzi anahesabu mapigo ya moyo na pumzi, anapima joto na tansion, anaangalia kama mgonjwa ana fahamu, anatembea au amejeruhiwa, kisha anampa rangi: nyekundu, ya machungwa, njano au kijani. Mwekundu anaingia sasa hivi. Wa kijani anasubiri, au anaelekezwa chumba kingine chenye muuguzi wa kumhudumia usiku huo. Vifaa vyake ni mashine ya tansion, kipimajoto, saa na muuguzi aliyefundishwa. Hakuna mkurugenzi wa hospitali anayeweza kusema amekosa saa.

Wanaodhani tatizo hili ni la Kongo peke yake watazame mbali. Marekani ina sheria tangu 1986 inayozilazimisha hospitali zenye idara ya dharura kumchunguza kila anayefika, awe na pesa au asiwe nazo. Huko pia watu wazima wanafika usiku na mambo madogo, na wanapoulizwa sababu, hutaja kwamba daktari wao hapatikani, kazi haiwaruhusu mchana, hawajui kama hali yao ni mbaya. Nchi tajiri na nchi maskini zinaungana hapa: dharura inapojaa, angalia kwanza nini kimeharibika nje yake.

Je, raia hana kosa lolote? Analo, na hatutamficha. Kosa la kwanza ni la mkubwa anayefika na dereva na walinzi, anamwita daktari kwa simu, anapimwa tansion mbele ya mtoto anayetetemeka kwa homa. Huyo hana kisingizio cha pesa wala cha saa, na kila hospitali inayompitisha mbele inawafundisha raia wengine kwamba foleni ni ya wanyonge. Kosa la pili ni la anayekataa kuondoka bila serumu, akidhani kutibiwa ni kuwekewa chupa. Kosa la tatu ni la anayemtukana au kumpiga muuguzi kwa sababu amepewa rangi ya kijani. Aliyeambiwa asubiri amepewa habari njema kuhusu mwili wake. Anayeshambulia mhudumu anaiba dakika za mtu anayekufa, na ashtakiwe.

Lakini makosa hayo matatu yakifutwa leo, kesho idara za dharura zitajaa tena. Kwa hiyo tunadai mambo yafuatayo.

Kwanza, serikali ya jimbo na madaktari wakuu wa zoni wachague katika kila zoni ya mji huu angalau kituo kimoja cha kubaki wazi mpaka saa nne za usiku, na Jumamosi mchana kutwa, chenye wauguzi wawili, umeme wa jua na mlinzi. Pili, kila kituo kitenge siku ya watu wazima wenye tansion na sukari, wawe na kadi na tarehe ya kurudi kama wajawazito walivyo nayo. Tatu, bei ibandikwe mlangoni, na iwe moja inayojumuisha kuonwa, kipimo na dawa za msingi, ili mgonjwa ajue kabla ya kuingia. Nne, hospitali zote za rufaa zianze kupanga wagonjwa kwa uzito wa hali kabla mtu hajafika kwa mpokea pesa, na kumzuia mgonjwa kwa deni kukome. Tano, ukaguzi wa kazi uziitishe kampuni zilizopewa kazi na migodi, zionyeshe mikataba ya matibabu ya watu wao, na zisizo nayo ziadhibiwe. Sita, vyumba vya tiba visivyo na kibali vifungwe, bila kuangalia mwenye chumba ni shemeji wa nani.

Tutaambiwa hakuna pesa. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika, wetu wakiwemo, waliahidi Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na nchi hii haijatimiza ahadi hiyo. Septemba 2023 serikali ya taifa ilianza Kinshasa mpango wa kujifungua bila malipo, ikathibitisha kwamba ikitaka kufungua mlango inaweza. Mama anayejifungua alistahili. Baba yake mwenye sukari na dada yake anayekohoa wanastahili pia.

Bajeti ijayo ya jimbo itatuonyesha kama tumesikika. Hatutahesabu hotuba wala majengo yaliyokatiwa utepe. Tutauliza swali moja: saa tatu za usiku, siku ya kazi, mtu mzima wa Katuba mwenye homa anaweza kumpata mhudumu aliyefunzwa karibu na nyumbani kwake, kwa bei aliyoijua kabla? Kama hawezi, basi msongamano wa dharura ni deni la serikali, na serikali ndiyo ilipe.